Maneno Yasiyo na Mwenyewe

Mwezi uliopita, kwa shughuli za Chama ambazo hazina haja ya kuelezwa hapa, tulipata nafasi ya kupanda milima ya Usambara. Msafiri atokaye visiwani huvuka bahari, akashika barabara ya Moshi mpaka Mombo, na hapo gari huiacha njia kuu na kuanza kupanda kwa mizunguko, jabali upande mmoja na korongo upande wa pili, kwa kilomita zipatazo 33, mpaka Lushoto. Baridi humpokea mtu kabla ya wenyeji. Kanzu iliyotufaa bandarini haikutufaa tena, na wenyeji walitucheka kwa upole walipotuona tumejikunyata saa sita za mchana.

Kutoka Lushoto mjini hadi Irente ni mwendo wa miguu usiozidi saa mbili. Huko mlima hukatika ghafla. Mtu husimama ukingoni mwa jabali, na chini yake, kiasi cha mita 1,000, huiona Mazinde, mashamba ya mkonge, barabara na reli, na nyuma ya vyote hivyo nyika ya Wamasai inayopotelea katika vumbi. Ni mahali pa kumfanya mtu anyamaze. Sisi tulinyamaza kwa sababu nyingine. Katika mfuko wa koti tuliloazima tulikuwa na karatasi ya risala, na ndani ya risala ile tulikuwa tumeandika kwamba kutoka ukingo wa Irente mtu huiona Bahari ya Hindi ikimetameta kwa mbali.

Tuseme kweli: hatukuyaandika sisi. Usiku wa kuamkia safari, kwa uchovu na kwa uvivu, tuliiagiza simu ituandikie risala fupi ya kuwasifu wenyeji na mandhari yao, nayo ikaandika kwa dakika moja yale ambayo yangetuchukua saa mbili. Tuliisoma, tukaipenda, tukainakili kwa mwandiko wetu. Kule ukingoni tuliipekua nyika yote kwa macho hatukuona bahari, kwa maana ukingo ule unatazama bara na bahari iko nyuma ya mgongo wa mlima.

Msomaji huenda tayari anaifahamu mitambo hii, ambayo wataalamu wa lugha yetu wameipa jina la akili mnemba. Ule uliotangulia kujulikana na umma mkubwa, ChatGPT wa kampuni ya OpenAI ya Marekani, ulitolewa tarehe 30 Novemba 2022, na wengine wakafuata mbio. Namna ufanyavyo kazi yafaa ieleweke, kwa kuwa watu wengi hudhani kwamba ndani yake mna kitu kama kamusi au mzee mwenye hekima. Umelishwa maandishi ya wanadamu kwa wingi usiohesabika, ukajifunza neno gani huzoea kufuata neno gani. Kwa hiyo ukiuuliza habari za Irente pasipo kuupa chochote cha kusoma, hauendi Irente kutazama. Unakuletea yale yanayozoea kusemwa na watu juu ya mahali palipoinuka na kusifiwa kwa uzuri, na katika maelezo mengi ya namna hiyo bahari huonekana. Wakati mwingine kisemwacho kwa mazoea huwa ndicho kilichopo. Mtambo wenyewe hautofautishi, na hauoni haya ukikosea.

Risala hatukuisoma. Tulisema maneno machache ya kichwani mwetu, nayo yalipokewa vizuri kuliko yalivyostahili.

Jambo hili lingekuwa la kuchekesha na kusahauliwa, lau halikuwa na ndugu yake mkubwa. Mwaka jana tulikuwa miongoni mwa watu watatu waliopewa kazi ya kusahihisha insha za mashindano ya skuli za sekondari katika wilaya moja ya Unguja. Mada ilikuwa bahari katika maisha ya kijiji cha mwanafunzi. Insha ya kwanza ilianza kwa kutangaza kwamba bahari si maji tu bali ni uhai. Ya tatu ilianza vivyo hivyo, na ya saba, na ya kumi na moja. Zilikuwa na aya tano tano zilizolingana kama matofali, na kila aya ya mwisho ilianza kwa maneno “kwa ujumla”. Hazikuwa na kosa la herufi hata moja. Na katika hizo hapakuwa na moja iliyotaja jina la mwamba, wala la samaki, wala la upepo, ilhali zimetoka katika vijiji ambavyo mtoto wa miaka saba anajua kusi imeanza kwa kusikia mlango unavyogonga.

Palikuwa na insha moja ya namna nyingine. Iliandikwa kwa penseli, mistari ikipanda kama ngazi, na mwandishi, msichana wa kidato cha pili, alikuwa ameandika “nyavu” kwa namna mbili tofauti katika ukurasa mmoja. Alieleza jinsi mama yake anavyoshuka pwani kwenye bamvua kufunga mwani, na jinsi anavyorudi chumvi imekauka kwenye nyusi, na jinsi siku mnunuzi alipopunguza bei mama aliufunua mwani akauanika upya, kana kwamba ukikauka zaidi bei itapanda. Tulimkata alama kwa tahajia. Tuzo ya kwanza tukaitoa kwa mojawapo ya zile insha laini.

Siku ya kutoa zawadi mgeni rasmi, kwa nia njema kabisa, alimwomba mshindi aeleze kidogo maana ya “mnasaba wa kiikolojia”, maneno yaliyokuwa katika mstari wa pili wa insha yake. Kijana alitazama viatu vyake. Ukumbi mzima ulivitazama viatu vile. Hatutamlaumu, maana waliompa tuzo tulikuwa watu wazima watatu, na mmoja wetu, ambaye ndiye anayeshika kalamu hii, baadaye alipanda mlima na bahari ya uongo mfukoni. Msichana wa mwani alikwisha rudi kwao kwa basi la saa nane.

Ndipo tunapofika kwenye lile lililotufanya tuandike. Iko Irente shule ya msingi ya watoto wasioona, ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, ambayo imekuwapo tangu miaka ya 1960. Wamo pia watoto wenye ualbino, ambao wengi wao uoni wao ni hafifu. Tuliomba kuingia, tukakaribishwa.

Mtoto asiyeona huandika kwa nukta nundu. Ni nukta sita tu, zilizopangwa mbili kwa tatu, na mpangilio wake hutoa sura 63 ambazo zinatosha herufi, tarakimu na alama zote. Aliyezibuni katika miaka ya 1820 ni Louis Braille, kijana Mfaransa aliyepofuka angali mtoto mdogo. Iko mashine ya kuandikia yenye funguo sita, moja kwa kila nukta, na darasa likiandika kwa pamoja husikika kama mvua ikianza juu ya mabati. Asiye na mashine hutumia kibao chenye vijumba na msumari mfupi wenye kishikio, akitoboa nukta moja baada ya moja. Kwa kuwa nukta hujitokeza upande wa pili wa karatasi, mwandikaji huanzia kulia kwenda kushoto, kisha huigeuza karatasi na kusoma kutoka kushoto kwenda kulia. Sisi tuliojifunza alif kabla ya a tulitabasamu. Hatukutarajia kukuta mlimani, katika shule ya Kanisa, watoto wanaoandika kwa kuanzia kulia kama tulivyoandika sisi kwenye mbao zetu chuoni.

Ila sisi tulikuwa na maji. Ubao ukikosewa ulioshwa, ukakauka juani, ukaandikwa tena. Mtoto wa nukta nundu akikosea huibonyeza nukta kwa ukucha mpaka ilale, na alama yake bado kidole hukiona. Kwa hiyo hufikiri kwanza. Tulimtazama kijana mmoja wa kiasi cha miaka kumi na miwili akiandika barua kwa nyumbani. Alikaa kimya muda mrefu mikono ikiwa juu ya funguo, akagonga maneno mawili matatu, akakaa kimya tena. Baadaye alituamkia, “Shikamoo baba. Sauti yako ya pwani.” Tukaitikia marahaba, tukakiri kwamba tumetoka Unguja. Akauliza kama ni kweli kwamba siku hizi simu inaweza kumsomea mtu kitabu. Tukamjibu ni kweli. Akauliza vitabu vyote? Hapo hatukuwa na jibu la haraka.

Swali lake si la kitoto. Kitabu kimoja cha darasani kikigeuzwa nukta nundu huwa majuzuu kadhaa manene, mzigo wa kubebwa kwa mikono miwili, na gharama yake inajulikana na kila mkuu wa shule ya namna hiyo. Mtoto anayeona ana gazeti, ana kibao cha dukani, ana kipande cha karatasi kilichofungiwa karanga. Asiyeona hana chochote ila alichoandikiwa kwa makusudi. Kwake yeye, simu iwezayo kupiga picha ukurasa na kuusoma kwa sauti ni jicho. Mwaka 2023 programu ya Be My Eyes, iliyoanzishwa Denmark ili wenye macho wawasaidie wasioona kwa simu, ilianza kuitumia akili mnemba kueleza kilichomo katika picha. Na sauti za Kiswahili hazikutoka mawinguni. Tangu mwaka 2021, katika mradi wa Common Voice wa taasisi ya Mozilla, watu wa kujitolea wamekuwa wakisoma sentensi kwa sauti zao wenyewe ili mitambo ijifunze kuisikia lugha yetu. Hatuna neno la kupinga hayo. Chuoni tulifundishwa kwamba Sura ya Abasa iliteremka kwa ajili ya kipofu aliyekuja kutafuta elimu akapewa kisogo, na yule aliyefundishwa hivyo hawezi kuusimamia mlango kuuzuia mtambo usiingie Irente.

Lakini mtambo ule ule ndio uliomwandikia insha mshindi wetu wa Unguja. Kwa kijana wa Irente ungekuwa jicho, akabaki na kichwa chake. Kwa kijana wetu ulikuwa kichwa, akabaki na macho ya kutazamia viatu. Tofauti hii ndiyo tunayotaka viongozi wetu waishike, kwa sababu katika mikutano tuliyoihudhuria mjadala umekuwa wa ndiyo au hapana: iruhusiwe au ipigwe marufuku.

Wako watakaotukumbusha, na wana haki, kwamba sisi wa chuoni hatuna ulimi wa kusema juu ya kunakili. Je, hatukukariri juzuu nzima bila kufahamu neno? Tulikariri. Na ziko lawama tunazozikubali juu ya malezi yale, fimbo ikiwa ya kwanza. Lakini maneno yale yalipita kifuani na yakakaa humo, na miaka ishirini baadaye maana ilikuja ikayakuta yanaisubiri. Maneno ya mtambo yalipita mkononi mwa kijana bila kugusa kifua. Na liko jambo kubwa zaidi. Mwalimu wetu hakumruhusu mtu kutaja hadithi bila kutaja ameipokea kwa nani, na huyo kwa nani, mpaka kwenye asili. Hiyo ndiyo isnadi. Mtoto aliyesema “nimesikia tu” aliambiwa akae chini mpaka akumbuke. Mtambo huu hukupa usemi uliokamilika, na msururu wa watu walioutoa usemi ule umekatwa. Hata pale unapotaja asili, mara nyingine huitunga.

Tukiwa bado pale ukingoni tulimkumbuka mtu mmoja. Mazinde inayoonekana chini ilikuwa katika karne ya 19 makao ya Semboja, mwana wa Kimweri, na aliyewahi kukaa kwa Semboja akimtumikia kwa kalamu ni Abdallah bin Hemedi, mtu aliyesoma Kurani, ambaye alitunga kwa Kiswahili Habari za Wakilindi. Kitabu chake kilipigwa chapa kwa sehemu sehemu katika mitambo ya misheni ya Magila, upande wa Muheza, kuanzia mwisho wa karne ile, na kikatolewa upya mwaka 1962. Wanachuo wa historia wamegombana naye juu ya hili na lile, na wameweza kugombana naye kwa sababu yupo. Anajulikana alikuwa wapi, alikula kwa nani, alikuwa na sababu gani ya kumsifu huyu na kumnyamazia yule. Ukiuambia mtambo uandike habari za Mbegha mwindaji wa nguruwe na jinsi alivyopata ufalme, utaandika, na huenda ukaandika vizuri. Utakuwa umekitumia kitabu cha Abdallah bin Hemedi au vitabu vya waliomsoma yeye, na jina lake halitakuwamo.

Hili si suala la adabu peke yake. Ni suala la jasho. Januari 2023 gazeti la Time la Marekani lilifichua kwamba wafanyakazi wa kampuni ya Sama jijini Nairobi, waliokuwa wakisoma na kuainisha maandishi machafu ya kila aina ili mtambo wa OpenAI ufundishwe kuyaepuka, walikuwa wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Ulaini wa insha iliyotushinda akili uliegemea, kwa kiasi fulani, juu ya vijana wa Afrika ya Mashariki waliosoma uchafu huo mchana na kuuota usiku. Na katika jiji hilo hilo walikuwapo vijana wengine, wahitimu wasio na kazi, waliokuwa wakiishi kwa kuwaandikia insha wanafunzi wa Marekani na Uingereza kwa malipo ya siri. Mtambo ulipokuja ukawapunguzia wateja. Ni nadra kuona wizi ukinyang'anywa soko na wizi mwenzake, na hatujui tumlilie nani.

Kwa upande wa watunzi wetu hali haina nafuu. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilianza kutolewa mwaka 2023, miezi michache tu baada ya mitambo hii kuingia mikononi mwa watu. Waamuzi wake wana mzigo ambao waliotangulia hawakuujua, nao ni kuuliza kwanza kama kuna mtu nyuma ya karatasi. Sheria ya Hakimiliki ya Bara ni ya mwaka 1999, na ya Zanzibar ilitungwa mwaka 2003. Zote mbili zilitungwa kwa hofu ya mwizi wa kanda, na mwizi wa kanda alikuwa na duka na mtaa, angeweza kufuatwa.

Basi serikali ifanye nini? Katika mwongozo wake wa Septemba 2023, UNESCO ilipendekeza mtoto wa chini ya miaka 13 asiitumie mitambo hii darasani, na sisi tunaliunga mkono pendekezo hilo kwa mikono miwili, hata kama simu ya baba nyumbani haisomi miongozo. Wizara yetu ya Elimu na Mafunzo ya Amali inaweza kuamua kesho, bila bajeti, kwamba insha ya mashindano iandikwe chumbani mbele ya mwalimu, kwa kalamu, na kwamba mwandishi wake aulizwe kwa mdomo dakika tano kabla ya kupewa tuzo, si baada. Mwanafunzi mkubwa aliyeutumia mtambo aseme ameutumia na kwa lipi, kama tulivyotakiwa kusema tumepokea kwa nani. Mahakama za Bara zimeanza kutumia akili mnemba kunukuu na kutafsiri yanayosemwa mbele ya hakimu, na hapo hatuna wasiwasi mkubwa, kwa kuwa jina la shahidi hubaki juu ya maneno yake na mwenyewe yupo wa kusema sivyo nilivyosema. Na fedha ikipatikana ya kununua vyombo hivi, ianzie kwa wasioona wa Unguja na Pemba kabla ya kufika katika ofisi zetu, ambamo kazi yake kubwa, tunakiri, itakuwa kuandika risala.

Kuhusu yale mashindano, tumewaandikia wenzetu wawili barua ya kuomba tukutane. Tunataka insha ya penseli isomwe tena. Mmoja amekubali. Wa pili amejibu kwamba jambo limekwisha na kwamba kulifufua kutaiaibisha skuli iliyoshinda, na hoja yake si nyepesi, maana kijana yule naye ni mtoto wa watu. Hatujaafikiana.

Wakati wa kuondoka Irente, kijana aliyekuwa akiandika alitukabidhi karatasi nene iliyokunjwa mara moja. Alisema ni yetu, tusome tukifika. Tumeipitisha kidole mara nyingi tangu wakati huo, ndani ya gari na juu ya boti, na kidole chetu hakijui lolote. Tungeweza kuipiga picha, simu ikatuambia imeandikwa nini, au ikatuambia kile ambacho watoto wa mlimani huzoea kuwaandikia wageni. Yuko mtaani kwetu mzee asiyeona aliyesoma nukta nundu akiwa kijana. Tumemwahidi Ijumaa, baada ya sala, na ametutaka tusiikunje zaidi.